Kiraka Juu ya Bonde la Manyesa

Malalamiko yalifika mchana, Somoe Chinguile akiwa anamenya chungwa juu ya meza yake ya kazi, jambo lililokatazwa na ambalo kila mtu alilifanya. Wenzake wawili walikwisha kuipokea ile simu na kutukanwa vya kutosha, basi wakamsogezea yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mpaka rangi mkuu wa zamu. Ukubwa kazini una raha zake na una simu zake.

"Wewe ndiye unayeupaka rangi mlima wetu?" sauti ya mwanamume iliuliza bila salamu.

"Shikamoo," Somoe akasema, kwa makusudi kabisa.

"Marahaba. Naitwa Aikaeli Mtui, napandisha wageni Kilimanjaro. Mlima ulifungwa karibu miaka miwili kwa ajili ya maporomoko, wameufungua juzi, na mimi ndiye wa kwanza kufika juu. Sasa hivi niko kileleni na wageni wangu wanataka kunila nyama. Wanauliza barafu iko wapi."

"Barafu ipo, mzee wangu. Hapo hapo kileleni, upande wa kusini. Naiona."

"Unaiona wapi?"

"Kwenye Kioo."

"Mwanangu, mahali unapopaona ndipo niliposimama. Nimesimama juu ya kokoto. Kokoto kavu, tena zina vumbi. Kama unaiona barafu, basi njoo uwaonyeshe wewe hawa watu, mimi nimechoka kutukanwa kwa Kijerumani."

Simu ikakatika. Wenzake walikuwa wanacheka, na Somoe naye alicheka, akavuta kilele karibu kwenye skrini yake. Barafu ilikuwa imekaa mahali pake, samawati safi, pembe zake zimenyooka. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuna mtu pale aliyelifanya kwa miaka. Aliiuliza kompyuta picha ile ilipigwa lini.

Ilikuwa na umri wa miezi kumi na tisa.

Miaka ile Kioo kilikuwa kila mahali. Kilining'inia sokoni, stesheni, zahanati, kwenye kuta za madarasa, na kilikuwa ndani ya simu za watu wote. Setilaiti zilipita juu ya nchi zikipima joto, unyevu na mwanga, na Kituo cha Dodoma kikazigeuza namba zile kuwa rangi ambazo hata mtoto wa chekechea alizijua. Kijani ni malisho. Kahawia ni ukavu. Samawati ni barafu, ambayo nchi nzima ilibakiwa na kipande kimoja tu na ilikipenda kama kitinda mimba. Zambarau ni tufani, na zambarau ikigusa mji, shule zilifungwa, treni zilirudishwa njiani, watu wakabeba watoto na magodoro kwenda miinuko bila kuulizana. Nyeupe haikuwa na maana yoyote, kwa sababu haikuonekana kamwe.

Haikuonekana kwa sababu ya kiraka. Setilaiti za rangi haziwezi kuona chini ya mawingu. Wingu likifunika mahali, programu ilichukua picha ya mwisho iliyokuwa wazi na kuishonea pale, Kioo kisiwe na matundu. Kiraka kilitengenezwa kwa ajili ya wingu la siku moja mbili, la kupita njia. Lakini hakuna aliyeiambia programu wakati wa kuacha. Kilele cha Kilimanjaro hujifunika karibu kila saa ambayo setilaiti hupita, na mlima wenyewe haukuwa na mtu wa kusema neno, basi programu ikaendelea kushona kiraka kilekile asubuhi na jioni. Barafu ya mwisho ya Afrika Mashariki iliyeyuka yote ikaisha, na nchi nzima ikaendelea kuitazama.

Somoe aliacha kucheka. Akaiagiza kompyuta imwonyeshe viraka vyote vya nchi vyenye umri wa zaidi ya wiki mbili, akategemea vichache, labda milimani. Skrini ikajaa madoa kuanzia kaskazini hadi kusini. Mengine yalikuwa madogo kama shamba la mtu. Mengine yalimeza kata nzima. Chungwa lake likabaki nusu limemenywa.

Doa kubwa kuliko yote lilikuwa juu ya bonde la Manyesa.

* * *

Mwaka ule ulikuwa wa ukame, na Manyesa ndiyo iliyobaki kuwa kijani. Somoe mwenyewe alikuwa ameisifu. Kila alipofungua Kioo asubuhi aliiona ile kijani nzito katikati ya kahawia yote, akasema moyoni kwamba angalau kuna mahali Mungu amesahau kupachukua. Sasa aliona tarehe yake. Ilikuwa kijani ya mwisho wa masika. Tangu hapo kipupwe kilikuwa kimelitandikia bonde mawingu mepesi, ya chini, yasiyo na tone la mvua, na chini ya mawingu yale hakuna setilaiti ya rangi iliyoona kitu.

Zilikuwepo setilaiti za rada. Rada hupenya mawingu, hupiga ardhi na kurudi ikiwa na habari ya unyevu na umbo la vitu, lakini picha zake ni za kijivu, zina chengachenga, na watu walizikataa mwaka wa kwanza tu wa Kioo. Walisema zinafanana na picha za mimba za hospitalini. Kituo kiliziweka ghalani. Somoe aliomba picha ya rada ya Manyesa ya asubuhi ile, akakaa kuisoma polepole, kwa kuwa alikuwa amepoteza mazoea.

Mto haukuwepo. Palikuwa na mstari mkavu, mgumu, uliorudisha mwangwi kama sakafu ya saruji. Majani yangefanya picha iwe na vinyweleo, na haikuwa na kinyweleo hata kimoja. Bonde lote lilikuwa limekwanguliwa.

"Fungua ng'ombe," alimwambia kijana wa meza ya pili, Kiondo, ambaye kazi yake ilikuwa kufuatilia ishara za mifugo. Kila ng'ombe kiongozi alikuwa na hereni sikioni iliyotoa ishara, na ishara zile zilionekana kama nukta za manjano.

Nukta zilikuwa nyingi mno. Zilikusanyika ukingoni mwa mbuga kavu, upande wa magharibi, mahali penye kisima cha mwisho. Kati ya kisima kile na Manyesa kulikuwa na mwendo wa siku nne bila maji. Ng'ombe waliuvuka kila mwaka wa shida kwa sababu upande wa pili palikuwa na mto.

"Ni Wabarabaig wa kwa Gidobat," Kiondo alisema. "Kaya zaidi ya mia sita, pamoja na wanawake na watoto. Wananywesha leo. Naona wameomba kibali cha kuondoka kesho alfajiri." Kisha akaitazama sura ya bosi wake. "Kuna nini, dada?"

Somoe alikuwa anatafuta namba ya Gidobat.

Gidobat alipokea akiwa katikati ya kelele za ng'ombe. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya kuamrisha. Somoe alijitambulisha, akamweleza yote bila kumung'unya maneno. Manyesa imekauka. Kijani anayoiona ni ya zamani. Asivuke.

Gidobat alisikiliza hadi mwisho. "Dada, umesema unatoka wapi?"

"Kituo cha Dodoma. Mimi ndiye ninayekipaka rangi Kioo."

"Mwaka wa ile njaa nilipigiwa simu na mtu. Naye alitoka Kituo cha Dodoma. Aliniambia Manyesa kumekauka, nipite kaskazini. Nikapita kaskazini, nikazika ng'ombe na nikazika mama yangu. Huku Manyesa majani yalikuwa yanafika magotini, na ng'ombe wa yule mtu wanakula."

"Mimi sina ng'ombe, kaka."

"Yeye pia alisema hana." Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Somoe zaidi. "Baada ya hapo koo zote tulikaa. Tukala kiapo kwamba hatutahamisha mifugo kwa sauti ya mtu, awe nani, hata ndugu. Tutafuata Kioo peke yake. Hata vijana tuliokuwa tunawatuma kutangulia kuangalia malisho tumeacha kuwatuma, maana walikuwa wananunuliwa. Nikiwageuza watu leo kwa simu yako, watasema nimehongwa, na watavuka bila mimi."

"Nikikutumia picha ya rada?"

"Hiyo ya kijivu? Hakuna anayejua kuisoma." Alimpigia mtu kelele kwa Kidatoga, lugha yao, kisha akarudi. "Wewe si ndiye unayepaka? Basi paka. Tukiona kwenye Kioo tutageuka sisi wenyewe, hutahitaji kutubembeleza. Lakini fanya kabla ya kesho. Ng'ombe akishaingia mbuga ile hageuki, kwa kuwa maji ya nyuma yanakuwa mbali kama ya mbele."

* * *

Angepaka, kama ingekuwa rahisi hivyo. Lakini hakuna mpaka rangi aliyeruhusiwa kugusa mahali pamoja. Hapo zamani wawili walifungwa jela, mmoja kwa kukiweka kijani kijiji cha wakwe zake wapate wanunuzi wa ardhi, mwingine kwa kukiweka kahawia cha mahasimu wake. Tangu hapo mkono wa mtu ulifungiwa nje. Mpaka rangi mkuu wa zamu aliweza kuwasha au kuzima kanuni tu, na kanuni ilifanya kazi nchi nzima kwa mpigo. Ili kukiondoa kiraka cha Manyesa, ilikuwa lazima aviondoe vyote.

Siku nyingine yoyote angeviondoa na kumwaga unga wake kwa roho safi. Lakini baharini, kusini mashariki, kulikuwa na tufani.

Ilikuwa tufani kubwa kuliko zote alizowahi kupaka, imekaza jicho, inakuja Lindi. Zambarau ilikwisha kugusa pwani tangu asubuhi. Kesho kutwa mchana ingekuwa juu ya nyumba za watu, na moja ya nyumba hizo ilikuwa ya kaka yake Mfaume, fundi wa friji, ambaye kila Ijumaa alimpigia kumuuliza kama bado serikali inamlipa kwa kuchora katuni.

Alikwenda kwa mkurugenzi. Mama Theofrida Kihwele alikuwa ofisini kwake, viatu amevua, anatazama tufani kwenye ukuta. Ndiye aliyemfundisha Somoe kazi. Alimsikiliza, akaitazama picha ya rada kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hiki kiraka nilikitengeneza mimi," alisema.

"Najua, mama."

"Hujui. Hukuwepo. Mwaka wa kwanza wa Kioo, wingu liliufunika mji mmoja wa reli, Kioo kikatoka na tundu jeupe. Mtu mmoja akasema nyeupe ni sumu. Mwingine akasema serikali imeficha kitu. Kufikia mchana watu wote walikuwa stesheni, na treni ilikuwa moja." Alisugua macho. "Nilitumwa mimi kwenda kueleza kwamba nyeupe ni wingu tu. Niliwaelezea watu waliokuwa wanafunika maiti kwa khanga. Wengi walikuwa watoto, maana watoto ndio wanaokanyagwa. Nikarudi nikatengeneza kiraka. Na sijawahi kujuta hata siku moja, mpaka leo."

"Basi tukitoe."

"Tutakitoa. Tufani ikishapita."

"Tufani ikishapita Gidobat atakuwa katikati ya mbuga, na hana pa kurudi."

"Na pwani kuna watu karibu milioni moja ambao kesho lazima watoke majumbani mwao jua likiwaka, bahari imetulia, hawajaona hata wingu. Watatoka kwa sababu gani, Somoe? Kwa sababu Kioo hakijawahi kuwadanganya."

"Kinawadanganya kila siku, mama!"

"Lakini hawajui, na ndiyo maana wanapona."

Ubaya wa Mama Kihwele ulikuwa kwamba hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, Somoe angemchukia, akatoka akibamiza mlango, mambo yakaisha. Sasa alikaa kwenye kiti cha wageni, akijaribu kuwapima watu kwa watu, na kila alipopima aliona aibu kwamba anapima. Kaya mia sita upande huu. Upande ule milioni, na ndani ya milioni ile kaka yake, wifi yake Binasa na watoto wao watatu. Hesabu haikuwa ngumu. Mtoto wa darasa la pili angeijibu.

Lakini wale wa Gidobat walikuwa wanapelekwa kufa na yeye. Hakuna tufani iliyowapeleka, wala ukame. Waliitwa na ile kijani, na kijani ile ilitoka mezani kwake kila asubuhi, akiisifu. Wa pwani walikuwa na hatari yao, na angalau wangeambiwa ukweli kuihusu. Watakaouamini wangeuamini.

Alimwambia hivyo mkurugenzi.

"Nakukataza," Mama Kihwele alisema. "Nataka iwe imesemwa. Ufunguo wa kanuni ni wako zamu hii na sina uwezo wa kukunyang'anya mpaka saa kumi na mbili jioni, lakini nakukataza."

"Nimesikia, mama."

"Una ndugu Lindi."

"Ninaye."

Mkurugenzi akageukia ukuta wake.

* * *

Aliiondoa kanuni ya kiraka kabla ya jua kuzama. Kwanza aliandika maneno ya kupita chini ya Kioo, akayafuta, akayaandika upya, mwishowe akaacha mepesi: *Mahali peupe ni mahali ambapo hatujapaona leo. Rangi zilizokuwa hapo zilikuwa za siku za nyuma. Tunaomba radhi. Zambarau ya pwani ni ya leo na ni ya kweli.* Kisha akapiga moyo konde akabonyeza.

Kwenye ukuta mkubwa wa Kituo, nchi ilitoboka. Weupe ulianza Kilimanjaro, ukashuka milima ya mashariki, ukaila Manyesa yote kwa mara moja, ukaenda kuchanganyika na mabonde ya kusini ambayo hakuna aliyejua kwamba hayaonekani. Bahari ya pwani nayo ilijaa matundu, maana mbali kule ndipo mawingu ya mbele ya tufani yalipokuwa yanaanza, na zambarau ikabaki vipande vipande katikati ya weupe. Wapaka rangi walisimama mezani mwao. Mmoja wao, mtu mzima, alianza kulia, akasema kijijini kwao kulikuwa kijani jana. Somoe alimwambia ajaribu kupiga simu nyumbani.

Simu za Kituo zililia zote kwa pamoja na hazikunyamaza tena. Wapaka rangi waliozijibu walisema yote, kuanzia kiraka hadi barafu ya Kilimanjaro.

Nukta za manjano ukingoni mwa mbuga hazikusogea usiku ule. Alfajiri, saa ya kibali chao, Somoe alikuwa bado kitini, nguo zilezile, akizitazama kwa jicho kavu. Zilitikisika. Zikajipanga mstari. Zikaanza kwenda, na kwa muda wa kutosha kumwua mtu kwa presha hakuweza kujua zinaelekea wapi. Kisha akaona zinarudi magharibi, taratibu, kwenye kahawia ile mbaya lakini yenye visima.

Gidobat alimpigia baadaye. Hakushukuru. "Tumeona weupe," alisema. "Tumerudi nyuma. Ng'ombe watakufa wengi, lakini watu watakunywa. Sasa niambie, mwaka ujao tufuate nini?"

Somoe alisema hajui.

"Mimi pia sijui," Gidobat akasema, akakata.

Huko pwani asubuhi ilikuwa nzuri, ya jua. Barabara inayopanda kutoka Lindi kwenda uwanda wa juu ilikuwa na vifaa vya kuhesabu magari, na kwa tufani zote zilizopita vifaa vile vilielemewa kabla ya saa tatu. Kiondo alivifungua akavifunga, akadhani vimeharibika. Vilikuwa vizima. Lilipita gari moja, kisha muda, kisha pikipiki mbili. Redio ya Lindi ilikuwa na kipindi cha watu kupiga simu, na waliopiga walikuwa wanacheka. Mmoja aliuliza kama na yeye amewekewa kiraka, maana mkewe bado anamwona kijana.

Somoe alimpigia Mfaume.

"Eeh, mchora katuni!" kaka yake alipokea kwa shangwe. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanaume wengi, wako kijiweni mbele ya karakana. "Hapa unajadiliwa wewe. Nimewaambia huyo ni mdogo wangu, hawaamini."

"Kaka, toka hapo. Leo hii. Mchukue Binasa na watoto mpande."

"Tunajadili hilo hilo. Kuna wanaosema twende, kuna wanaosema tungoje. Ninyi wenyewe mmeandika kwamba mlikuwa mnatushonea vitu vya zamani. Sasa tunajuaje hii zambarau si ya tufani ya mwaka juzi? Mwaka juzi si ilikuwa hapa hapa?"

"Nimeandika ni ya kweli."

"Umeandika. Na ile barafu, miezi yote ile, hamkuandika barafu?" Aliuliza bila kejeli, kama mtu anayeuliza friji inavuja wapi. "Somoe, sisemi wewe mwongo. Nasema watu hapa wamechoka kubeba magodoro. Mara ngapi tumepanda, tukarudi tukakuta tumeibiwa? Tulikuwa tunapanda kwa kuwa Kioo kinajua. Leo nacho kimesema hakijui. Bahari hii hapa naiona, imelala."

"Kaka, nakuomba kwa mama."

Kijiwe chake kikaendelea kucheka nyuma yake.

"Binasa anakuamini," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Tangu ulipompigia jana usiku amefunga mizigo. Ananiambia sauti ya wifi yangu naijua, ikitetemeka hivyo si bure. Nitampakia yeye na watoto kwenye gari la shemeji, linaondoka saa hizi. Mimi nitabaki na wenzangu nione. Nina friji za watu humu ndani, nikiziacha zikaibiwa nitamwambia nani? Kesho asubuhi nikiona upepo, nakuja na pikipiki."

"Kesho asubuhi utakuwa umechelewa."

"Basi nitakuja na mwendo mkali," Mfaume alisema, akacheka, na akamfikishia dada yake salamu za watu wote wa kijiweni, mmoja mmoja kwa majina.

* * *

Tufani iliingia Lindi siku iliyofuata, mapema kuliko ilivyopigiwa hesabu. Kulipokucha simu ya Mfaume iliita bila kupokelewa. Baadaye haikuita kabisa. Binasa alipiga kutoka shule moja ya uwanda wa juu, akasema wao wamefika, watoto wamelala, na je, Mfaume amepita? Somoe alimwambia angoje.

Kwenye ukuta mawingu yaliufunika mji kuanzia bandarini kwenda ndani. Kanuni ya kiraka haikuwepo, basi mahali palipokuwa Lindi pakawa peupe. Zambarau iliuzunguka weupe ule pande zote. Rada ilikuwa inapita juu ya bahari nyingine na isingerudi hadi jioni. Nchi nzima ilikuwa inalitazama tundu lilelile sokoni na stesheni, na safari hii hakuna aliyelicheka.

Mama Kihwele alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Somoe. Saa kumi na mbili jioni ile ya kwanza angeweza kumnyang'anya ufunguo, na hakufanya hivyo. Alikuwa amevaa viatu siku hiyo.

"Ikulu wamepiga," alisema. "Wanasema watu hawauvumilii ule weupe. Wanaomba viraka virudi, hata kwa leo tu. Nimewaambia nitamuuliza mpaka rangi wa zamu."

"Hapana, mama," Somoe alisema.

"Nitawaambia hivyo." Mkono wa mkurugenzi ulikaa begani kwake kidogo, mzito, wenye joto, kisha ukaondoka. Hakumkumbusha kwamba alimkataza. Somoe alitamani angemkumbusha, apate wa kugombana naye.

Wenzake walikuwa wameinamia simu zao. Hakuna aliyemwangalia. Juu ya meza yake kulikuwa na skrini ndogo ya majaribio, isiyoungwa na Kioo, ambayo mpaka rangi aliweza kufanya lolote juu yake bila mtu kuona. Somoe aliigeuza imwelekee yeye peke yake. Akachora mraba mdogo juu ya Lindi, akairudisha kanuni ndani ya mraba ule tu.

Mji ukatokea. Jua lilikuwa linawaka juu ya mabati. Aliufuata mtaa kwa kidole hadi karakana, akaliona paa la buluu, friji mbili zimetolewa nje kupata upepo, na kijiweni vivuli vifupi vya watu wamekaa. Hakuweza kujua kipi ni cha nani.

Ilikuwa picha ya jana, na alijua kwamba ni ya jana. Akavuta kiti karibu, akaendelea kuitazama.